Karafuu ni ya jino, si ya huko

Juzi usiku msomaji kanitumia ujumbe: "Kaka, bawasiri inaniua, hata mke sijamwambia. Nimeuziwa mafuta ya karafuu, nipake?" Nikamjibu kabla sijavaa miwani: usithubutu!

Mimi ni fundi cherehani, kutwa nimekaa. Ramadhani moja nguo za Idi zilirundikana, usiku nakula muhogo na chai, maji nayasahau. Choo kikawa kokoto. Siku ya tatu nikaona damu, na maumivu kama nimekatwa na wembe. Nikawa nakalia paja moja. Wenzangu barazani wakacheka, tena kwa maneno ambayo mwanamume hayasahau. Mmoja wao mpaka leo nikimwona, napita uchochoro mwingine.

Kwa haya zangu nikachukua kichupa cha karafuu tunachotilia jino bovu. Si hutia ganzi? Tone moja tu. Wallahi nilikimbilia bafuni na kanzu yangu! Mafuta yale ni makali, huunguza ngozi laini, na pale palikuwa na kidonda.

Shangazi yangu wa Pemba hakuuliza mengi. Alikuna nazi mbili, akakamua tui, akalichemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yakaelea na mashata yakawa ya hudhurungi chini. Akachuja kwa kitambaa cheupe. "Ukae kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, robo saa. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Ndipo upake."

Nilipata nafuu, sikatai. Lakini mafuta hulainisha tu, choo kipite bila kukwaruza. Kilichoniponya hasa ni maji, papai na mchicha kila siku, na kuacha kujikamua chooni. Tena nilipojikaza kwenda kwa daktari, akaniambia si bawasiri, ni mpasuko, yaani ngozi ya njia ya haja kubwa imechanika! Wiki zote hizo najitibu maradhi nisiyokuwa nayo.

Wanaume wenzangu, haya hii itatumaliza. Damu ikitoka, nenda ukapimwe, maana si kila damu ni bawasiri. Na mafuta ya nyonyo msiyabugie ovyo. Yanaharisha, na kuharisha nako huchoma kidonda kilekile.

Jibu la yule msomaji lilikuja baada ya nusu saa: "Kaka, nilikuwa nimeshapaka."

Nikamwambia afute kwa mafuta ya nazi kwanza, maji peke yake hayatoi mafuta. Kisha beseni.