CCNP na maabara ya nyumbani: weka hela kwenye RAM

Mkuu, umesema CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, unayo, sasa unataka cha juu yake, CCNP Enterprise, na kuna muuzaji amekupa bei ya ruta mbili za 2811 na swichi mbili za 3750 za mitumba. Unauliza uchukue au utumie maabara ya ndani ya kompyuta. Usichukue. Ile 2811 ilikuwa mashine ya maana enzi zake, lakini mtihani wa ENCOR, ile 350-401 iliyokuja na mabadiliko ya Februari 2020, unakutaka ujue VXLAN (kupitisha mtandao mmoja juu ya mwingine), NETCONF na RESTCONF (njia za kusanidi vifaa kwa programu) na Python kidogo. Kwa NETCONF na RESTCONF utahitaji IOS XE, mfumo endeshi mpya zaidi wa ruta za Cisco, na 2811 haiwezi kuibeba. Halafu kuna feni zinazounguruma usiku kucha na uniti za LUKU zinazoyeyuka.

Tafuta kompyuta ya mezani ya mitumba, zile zinazotolewa maofisini, ujaze RAM. GB 32 zinatosha kuanzia. Ruta pepe ya IOSv inakula kama nusu GB tu, lakini Catalyst 8000v moja, ruta pepe ya IOS XE, inataka GB 4, kwa hiyo RAM itaisha kabla prosesa haijachoka. Juu yake weka programu ya kuendesha ruta pepe: EVE-NG, GNS3 au CML ya Cisco wenyewe. CML ina toleo la bure lenye kikomo cha vifaa 5, na la kulipia la mtu binafsi linafika 20. Faida yake kubwa ni kwamba imiji za IOS, yaani mafaili ya mfumo wa ruta, unazipata kihalali, huhangaiki na mafaili ya Telegram ambayo hujui yametiwa nini. Umeme kwetu unajulikana, kwa hiyo jizoeshe kuhifadhi kila unapomaliza kipande cha kazi.

Hapo kwenye vifaa sitakaa sana, maana wengi hawakwami kwenye vifaa. Wanakwama kwa sababu wanajenga maabara inayofanya kazi, wanaona ping inajibu, wanafurahi, wanafuta. Mimi nilianza kuelewa nilipoanza kuharibu kwa makusudi, na kabla ya kubonyeza Enter naandika kwenye daftari nini kitatokea. Kama nilichoandika hakilingani na nilichokiona, hapo ndipo somo la siku hiyo lilipo.

Jaribu hii. Chora ruta nne zinazotumia itifaki mbili za kutafutia njia, EIGRP na OSPF. R1 iko upande wa EIGRP, na imeingiza humo mtandao wa nje, tuseme 10.99.0.0/24. R4 iko upande wa OSPF. R2 na R3 zote mbili zinasimama mpakani, na kila moja inahamisha njia kutoka EIGRP kwenda OSPF na kurudi. Sasa andika: R3 itapita wapi kwenda 10.99.0.0? Jicho linakwambia itapita R1, maana wameungana moja kwa moja. Piga `show ip route 10.99.0.0` kwenye R3 uone. Mara nyingi utakuta inapita R4, inazunguka hadi R2, ndipo ifike R1. Sababu ni kwamba njia ya nje ya EIGRP ina umbali wa kiutawala (namba ya kuaminika kwa njia, ndogo ndiyo hushinda) wa 170, na OSPF ina 110. R2 ikiwahi kutangaza, R3 inaona 110 ni ndogo na kuitupa ile ya jirani yake. Zima R2, subiri, iwashe tena, na huenda sasa R2 ndiyo ikawa inazunguka.

Kozi nyingi zitakwambia weka tagi, yaani alama kwenye njia inayohamishwa. Weka, ni muhimu, kwa sababu inazuia njia isirudi ilikotoka na kuzaa kitanzi. Lakini angalia tena R3: bado inazunguka! Tagi uliyoiweka kwenye kuhamisha inaamua kinachotangazwa, haigusi uamuzi wa R3 yenyewe kuhusu njia ipi iingie kwenye jedwali lake. Hapo ndipo unahitaji `distance ospf external 180` kwenye R2 na R3, ili 170 ya EIGRP ishinde. Ukiliona hili kwa macho yako, maswali ya ENARSI, mtihani wa CCNP wa itifaki hizi za njia, ya eneo hili hayatakusumbua.

Fanya hivyo hivyo na MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Upande mmoja weka 1500, mwingine 1400, uone majirani wa OSPF wanavyoganda EXSTART, hatua ya kabla ya kubadilishana taarifa za njia, huku ping ndogo zinapita vizuri. Nimewahi kuamshwa usiku kwa tatizo hilo hilo: mtoa huduma wa katikati alibadilisha njia ya usafirishaji na MTU ikashuka bila taarifa. Kwa kuwa neno EXSTART nilikuwa nimelizoea nyumbani, nilijua pa kuanzia.

Ukifika BGP, itifaki inayounganisha mitandao ya wamiliki tofauti, ukishachoka na ruta zako mwenyewe, jiunge na dn42. Ni mtandao wa watu wa kujitolea wanaounganishana kwa BGP kupitia VPN, wakitumia anwani za 172.20.0.0/14. Utaendesha programu ya ruta kama FRRouting au BIRD kwenye seva ndogo ya Linux bila gharama ya leseni, na upande wa pili kuna mtu halisi ambaye filta zako zikiwa mbovu atakwambia.

Dampi za mitihani, yale maswali yaliyovuja, ziache kabisa. Kwenye usaili ukipewa konsoli na jirani aliyeganda, hazitakusaidia.

Kuhusu upi uanze nao, anza ENCOR: dakika 120, dola 400. Ukifaulu, huo huo ndio unaokuruhusu kukalia maabara ya saa 8 ya CCIE Enterprise, cheti cha juu ya CCNP, baadaye ukitaka. ENARSI ifuate haraka kabla ya OSPF na BGP hazijapoa kichwani. Ukipata kompyuta, tupia hapa RAM na prosesa yake, nikuambie topolojia ya ukubwa gani itabebeka.