Tezi za kwapa 3/14: je, imeshasambaa?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 43, naishi Muheza. Wiki tano zilizopita nilikatwa titi la kushoto kwa saratani, uvimbe ulikuwa wa sentimita 3. Jibu la maabara limeandikwa "tezi za kwapa 3/14". Picha za kifua na ini zilikuwa safi. Lakini mama mkwe anasema kisu kimeitawanya, na mimi nikiliona hilo neno "tezi" naona imeshaingia mwili mzima. Nimeambiwa nianze dripu za dawa ya saratani, sijarudi. Kuna faida gani tena? Na ni kweli mkono huu hautabeba ndoo maisha yangu yote?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mwaka 2009 nilishika karatasi kama hiyo, yangu ikiwa 4/17. Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi, nimewasomea wengine majibu yao, na bado ilibidi nikae chini kwenye benchi la korido.

Tuanze na hesabu. 14 ni tezi zote ambazo maabara ilizikuta kwenye nyama iliyotolewa kwapani. 3 ni zile zenye chembe za saratani. Kumi na moja zilikuwa safi. Sehemu hii ya karatasi wengi hatuambiwi.

Tezi hizo unazijua tangu utotoni, ndizo zinazovimba tukasema mtu ametoka mtoki. Ukichomwa mwiba kidoleni, mtoki hutokea kwapani kwa sababu majimaji ya mkono huchujwa pale. Majimaji ya titi nayo, sehemu kubwa, hupita kwapa hilohilo. Chembe ikichomoka titini, mara nyingi hunaswa hapo kwanza. Ndiyo maana daktari huzitafuta, na ndiyo maana kuzikuta kwapani hakuhesabiwi sawa na kuzikuta kwenye ini, mapafu au mifupa. Hatua ya nne, ile ya mwisho, ni huko mbali. Kwa uvimbe wa sentimita 3, tezi tatu, na picha safi kama ulivyoandika, wewe uko hatua ya pili. Naomba umsomee mumeo sentensi hiyo kwa sauti.

Mama mkwe mheshimu, ila kwa hili amekosea. Zile chembe zilikuwa ndani ya tezi kabla kisu hakijagusa ngozi yako, na tezi zenyewe zilitoka siku ileile.

Sasa dripu, maana hapa ndipo ninapokuhofia. Kisu huondoa kinachoonekana. Tezi tatu zinamwambia daktari kwamba ugonjwa huu ulishajaribu kusafiri, na huenda kuna chembe zilizopita ambazo hakuna picha inayoweza kuzionyesha. Dripu huzifuata hizo zikiwa bado chache. Kwa hiyo unaloliona wewe kama sababu ya kuacha, daktari analiona kama sababu ya kukuwahisha. Dawa hizi huanzwa kidonda kikishapona, ndani ya wiki chache. Wiki ya tano hujachelewa, lakini usiifanye ya kumi. Baada ya hapo waulize kuhusu mionzi ya kifua na kwapa, wenye tezi kama zako mara nyingi hushauriwa.

Uliza pia kama uvimbe ulipimwa homoni, yaani kama unalishwa na homoni za mwili, na HER2, protini inayoweza kuukuza haraka. Hukuniandikia, na majibu hayo yana uzito kama wa tezi. Wangu ulikuwa wa homoni, nikameza tamoksifeni, kidonge cha kuizuia homoni hiyo, kila usiku kwa miaka mitano. Joto lake la ghafla nalikumbuka, nilikuwa naamka kubadilisha shuka. Sikuahidi kwamba yako yatakwenda kama yangu, kila uvimbe una tabia yake.

Mkono: ndoo utabeba, ila si mwezi huu. Tezi zikitolewa, njia za majimaji hupungua, na mkono unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Anza kwa kuuinua ukutani, vidole vikipanda kidogo kidogo kila siku, kisha uzito mdogo, uongeze taratibu. Kuufungia kwenye kitenge usiufanyishe chochote ni kosa nililolifanya mimi, bega likakakamaa miezi minne. Vaa glavu ukilima au ukiparua samaki. Sindano na kipimo cha presha waambie watumie mkono wa kulia. Pete ikianza kubana au mkono ukiwa mzito, nenda mapema. Ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, nenda siku hiyohiyo, hiyo ni maambukizi na inataka dawa.

Jumatatu rudi kliniki. Beba karatasi ya maabara yenyewe, kadi yako, na mtu mmoja wa kusikiliza pamoja nawe, kwa sababu ukiwa na hofu nusu ya maneno hupotea. Kama mama mkwe yuko tayari, mchukue yeye.