Daftari Safi Mno: Kwa Daktari Anayetaka Ubingwa wa Homoni na Kisukari cha Watoto

Daktari kijana akiniuliza afanyeje ili awe bingwa wa homoni za watoto, kwanza huwa anataka miaka. Namtajia: udaktari mitano au sita, mafunzo ya vitendo, ubingwa wa watoto mitatu au minne, kisha ubobezi miwili au mitatu, kutegemea nchi. Akishaguna, namsimulia habari ya daftari.

Nilikuwa mgeni kliniki. Akaja kijana wa miaka 14 mwenye kisukari aina ya kwanza, na daftari lake la vipimo vya sukari. Asubuhi 6 (mmol/L), mchana 7, jioni 6, wiki nne mfululizo, kalamu ileile, mwandiko uleule, bila hata tone la damu ukingoni. Mtoto anayejitoboa kidole mara tatu kwa siku hana daftari la namna ile. Nikatazama HbA1c yake, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita: asilimia 11, wakati tulikuwa tunalenga isizidi 7. Nikamwumbua hapohapo, mbele ya mama yake.

Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Kijana alikosa kliniki mbili, na aliporudi aliletwa usiku akiwa hajitambui vizuri, damu imejaa asidi.

Miezi mingi baadaye, tumeshazoeana, aliniambia kwamba nyumbani sukari ikiwa 15, yaani juu mno, ilikuwa kesi. Akiandika 6, watu wanakula kwa amani. Basi akawa anaandika 6.

Siku hizi siulizi, "Umewahi kuruka sindano ya insulini?" Swali hilo lina jibu moja tu. Nauliza, "Wiki hii zimekupita ngapi?" Na wazazi nawaomba watoke nje kidogo, hasa mtoto akishafika miaka 12 au 13. Wengine hununa. Wanune tu.

Jambo la pili: tumia vidole vyako. Papasa tumbo na mapaja pale wanapochoma sindano. Mtoto akichoma mahali pamoja kila siku, mafuta chini ya ngozi huvimba, pakawa hapaumi tena, naye ndiyo maana anapapenda. Lakini insulini ikiingia pale hufyonzwa ovyo ovyo: leo sukari iko juu, kesho inaporomoka. Nimeona mtoto akituhumiwa kwa miezi kwamba anaiba peremende, kumbe ni uvimbe wa paja la kushoto.

Na utakesha. Usiku mmoja aliletwa msichana mdogo anayepumua kwa kina na kwa haraka, kaandikiwa nimonia alikotoka. Kifua nikasikiliza, hakina kitu. Nilipomuuliza mama yake kuhusu mkojo, alisema mtoto alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu zamani, sasa ameanza tena, na anaamka usiku kutafuta maji. Mtoto wa aina hiyo mpime sukari palepale, kabla hujafikiria jambo lingine. Ikishathibitika kwamba ni kisukari kilichojaza damu asidi, kazi inakuwa ya subira: maji ya mshipani kwa kipimo, insulini baada ya saa moja hivi ya maji, potasiamu unaifuatilia, na kila saa unarudi kumwuliza jina lake, kwa sababu tunachokiogopa kuliko vyote ni ubongo kuvimba.

Ipo na mitego ya wakati wa furaha. Wiki chache baada ya kuanza insulini, kongosho la mtoto, kiungo kinachotengeneza insulini, huweza kupata nafuu ya muda, dozi zikapungua sana. Mimi hukiita kipindi hicho fungate, na kama fungate zote, huisha. Familia isiyoambiwa mapema hudhani mtoto amepona, wengine wakaacha sindano. Waambie kabla hawajaruhusiwa kutoka wodini.

Kisukari si yote, bila shaka. Utaona vichanga wenye upungufu wa homoni ya thairoidi, ambao dawa inapaswa kuanza ndani ya wiki mbili za kwanza ili akili isidumae. Utaona wasichana wanaobalehe kabla ya miaka 8. Utaona wafupi wengi, na wengi wao ni wafupi kwa sababu baba na mama ni wafupi. Hapo unapima urefu, unaweka nukta kwenye chati, na unawaambia warudi baada ya miezi sita. Anayependa kuona matokeo siku hiyohiyo atachoka mapema.

Vijana huwa nawasimulia habari za Leonard Thompson, mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Toronto, Januari 1922. Sindano ya kwanza haikufaa, dawa ilikuwa bado chafu; ikasafishwa, akachomwa tena siku 12 baadaye, sukari ikashuka. Alikuwa kijana mdogo tu, rika la yule wa daftari. Kwa kawaida hapo ndipo mtu ananyanyua macho kutoka kwenye simu.

Yule wa daftari nilimkabidhi kliniki ya watu wazima alipotimiza miaka 18. Siku ya mwisho alinipa daftari lake nilipitie. Kurasa zimekunjana, moja ina alama ya kidole cha damu. Jumanne ameandika 19, na pembeni: "Nililala bila kuchoma. Nilichoka."