Video ya dakika mbili inatosha vipindi viwili

Mara ya kwanza nilipotumia video kufundisha Kifaransa, niliwawekea kidato cha pili video ya dakika 25. Niliazima projekta, nikatundika shuka jeupe ukutani, nikakaa pembeni nikiamini kazi imepata mfanyaji. Haikufika dakika ya 10, waliokaa nyuma walikuwa wanapiga soga na wawili wamelala. Nilipowauliza mwishoni wamesikia nini, walinitajia "bonjour" na "merci", maneno waliyoyajua tangu kidato cha kwanza.

Kosa lilikuwa langu. Kijana wa miaka 14 akisikia lugha ngeni kwa dakika 25 bila kazi ya kufanya, sauti zote zinakuwa mvua juu ya bati. Tangu siku hiyo sivuki dakika mbili, na hizo mbili tunazirudia mpaka ziive. Nina vipindi viwili mfululizo kila wiki, yaani dakika 80, na sijawahi kukosa cha kufanya.

Naanza na sauti imezimwa. Wanatazama tu, kisha wanasema kwa Kiswahili wanadhani kuna nini pale: ni sokoni, yule mama amekasirika, kijana amesahau pesa. Hapo wanabishana kweli, na ubishi ndio ninaoutaka, kwa sababu sasa kila mmoja anasikiliza ajue nani alipatia. Mara ya pili nafungua sauti bila maandishi, na kila safu ina kazi yake: hawa wakamate namba, hawa majina ya vitu, hawa maneno ya salamu. Mara ya tatu ndipo naweka maandishi ya chini, tena ya Kifaransa. Usiweke ya Kiingereza. Watayasoma yale na masikio yatafunga duka. Na kama maandishi yametengenezwa na mashine, yapitie kwanza mwenyewe nyumbani, maana hukosea sana pale watu wanapoongea haraka.

Kuongea haraka ndiko kunakofanya video iwe na thamani ambayo kitabu hakina. Sisi tumezoea lugha inayotamkwa kama ilivyoandikwa. Mwanafunzi anasoma kitabuni "je ne sais pas", yaani sijui, anatamka kila neno peke yake, kisha anamsikia Mfaransa akisema kitu kama "shepa" na anaamini ni neno jipya kabisa. "Je suis", mimi ni, inakuwa "shwi". "Il y a", kuna, inabaki "ya". Nikiyasema haya ubaoni wananiangalia kwa heshima tu, lakini wakiyasikia kwa kijana wa rika lao kwenye video wanaamini. Punguza kasi hadi 0.75 wasikie inavyomezwa, halafu rudisha kasi ya kawaida. Usiwaache kwenye kasi ya pole, wataizoea.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitegemea, nalo ni aibu. Kifaransa kina ile "u" ya "tu" (wewe), ambayo lazima useme "i" huku umechongoa midomo kama unayepuliza moto wa kuni. Kwetu haipo. Mtoto wa darasa la tatu atajaribu akicheka, ila kijana wa kidato cha pili mbele ya wenzake, wavulana upande huu na wasichana upande ule, atakufa na "u" yetu ya kawaida, na "tu" itasikika kama "tout" (yote). Niligombeza, nikabembeleza, wapi. Kilichosaidia ni kuzima sauti tena na kuwaambia wawe sauti za wale watu. Wawili wawili wanasimama kando ya shuka na kusema maneno kwa kufuata midomo inavyokwenda. Hapo midomo inachongoka yenyewe, kwa sababu anayechongoa si yeye, ni yule mama wa sokoni. Msichana mmoja ambaye kwa muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono aliomba kurudia mara tatu. Kama utachukua jambo moja tu kwangu, chukua hili.

Za kuchagua zipo. Tovuti ya kujifunza Kifaransa ya TV5MONDE, kituo cha televisheni cha Kifaransa, ina video fupi zenye mazoezi, zimepangwa kuanzia ngazi ya A1, ya wanaoanza, hadi B2, ya waliokwishapiga hatua, na huhitaji kulipa. Nyingine natafuta mwenyewe, na naitazama yote hadi sekunde ya mwisho kabla haijaingia darasani. Neno moja chafu likitoka mbele ya vijana 50, kipindi kimeharibika. Kama programu yako inaruhusu kuhifadhi video ili uitazame bila intaneti, fanya hivyo usiku uliotangulia. Umeme ukikatika, spika ndogo ya kuchaji na sauti peke yake vinatosha. Siku hiyo mnasikiliza tu.

Ninafundisha Kigoma, kwa hiyo nawaomba pia walimu wenzangu msitafute video za Paris peke yake. Kifaransa kipo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo. Kitabu kimewafundisha wanafunzi wangu kuwa 70 ni "soixante-dix", yaani sitini na kumi, na 90 ni "quatre-vingt-dix", nne mara ishirini na kumi. Wengi wanaichukia hesabu hiyo. Muhula uliopita niliwawekea mahojiano mafupi ya mfanyabiashara wa Kongo, naye akasema "septante" na "nonante". Darasa zima lilidhani amekosea. Nikawaeleza kwamba Kongo, Rwanda na Burundi husema hivyo, kama Wabelgiji waliokuwa wakizitawala, na kwamba zote ni sahihi, ila kwenye mtihani waandike ile ya kitabuni.

Jumatatu iliyofuata, kabla sijaweka hata begi mezani, kijana mmoja alisimama. "Shikamoo Madamu. Jana nilikuwa Kibirizi na mama, tunanunua mawese. Wale Wakongo wanaongea Kiswahili chao, wakifika kwenye bei wanaruka Kifaransa. Mmoja akamwambia mwenzake 'septante'. Nilielewa, Madamu. Nikamwambia mama ni sabini."