Nataka kurudi kanisani lakini naona haya

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi hapa Malindi. Nilibatizwa 1988 kule upande wa Magarini, Mkatoliki kabisa, nikaimba kwaya hadi nilipopata mimba ya kwanza, ndio mama mmoja wa kanisa akanisema mbele ya wenzangu siku ya mazoezi, nikatoka na sikurudi, sa ni miaka 12. Pasaka iliyopita nilikuwa napita na tuktuk nikasikia kayamba zinalia huko kanisani, nikalia hadi dereva akaniuliza kama naumwa. Nataka kurudi. Lakini na baba watoto tunaishi tu, mahari hajamaliza na ndoa ya kanisani hatujafunga, naogopa padre atanifukuza na wale kina mama wataniangalia. Tena sijui hata kama jina langu bado liko. – Mama wawili, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika hapo kwa kayamba nasimama, manake mimi pia nilikaa nje miaka tisa na kilichonirudisha hayakuwa mahubiri, ni kuimba tu nilikokusikia kwa jirani siku ya jumuiya.

Kwanza jina. Liko! Ubatizo haufutiki na haurudiwi, na hata kama ulibatizwa wakati tuko bado chini ya Mombasa, kabla jimbo la Malindi halijaanzishwa mwaka 2000, rekodi yako inatafutwa palepale parokia uliyobatizwa. Mimi nilienda kutafuta cheti changu, karani akafungua daftari moja kubwa la zamani, karatasi zishageuka rangi, akawa anashuka na kidole polepole, mara kikasimama. Jina langu. La baba, la mama, la msimamizi wangu ambaye alishafariki na mazishi yake sikwenda. Yaani miaka tisa nazunguka najiita mtu wa nje na huku nimeandikwa, nililia mbele ya yule karani wa watu hadi akanivutia kiti.

Padre hakufukuzi, misa hakuna anayezuiwa mlangoni. Komunyo nisikudanganye, hiyo utangoja mpaka ndoa ifungwe kanisani, lakini kungojea ukiwa ndani na kungojea ukiwa kwa tuktuk ni vitu viwili tofauti sana. Nenda ofisi ya parokia muongee na padre wewe na baba watoto, mtaambiwa mlete vyeti vipya vya ubatizo, kuna mafundisho, kisha mnatangazwa kanisani. Mahari ni mambo ya wazee, sio sharti la sakramenti, kwa hivyo baba watoto aende akae na wakwe zake awaambie ukweli nia yake ni harusi.

Kuhusu wale kina mama, ndio, wataangalia. Mama aliyekusema alikosea na sitamtetea, msichana mwenye mimba ndiye alikuwa anahitaji kanisa kuliko wote siku ile. Lakini wengine watakuangalia kwa sababu walikuwa wanakutafuta. Mimi Jumapili ya kwanza nilijificha nyuma karibu na nguzo, nikafikiri maneno nishayasahau, padre alipoinua hostia mdomo wenyewe ukatoka na watu wote, "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Sikusahau hata neno moja. Wakati wa amani bibi mmoja akanishika mkono akakataa kuuachilia, akanong'ona ulikuwa wapi weye, basi, hakuuliza lingine. Ile furaha siwezi kuifananisha, ni kama kufika kwenu usiku ukakuta taa haijazimwa na chakula kimefunikwa.

Na wala sio wewe peke yako wala sio zama hizi. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipopitia Malindi hii hii mwaka 1542 akielekea India, mzee mmoja Mwislamu wa hapa alimuuliza kama Wakristo kwao wanaenda kweli kusali, manake yeye alikuwa anasikitika, mji una misikiti 17 na watu wanaenda mitatu tu. Ona hilo swali lilivyo la zamani, na aliyeuliza ni mtu aliyeipenda ibada kama unavyoipenda wewe.

Sa Jumapili hii vaa leso yako nzuri, beba watoto, msiende mkachelewa mkapata sababu ya kurudi nyumbani. Kaa upande wa kwaya usikie kayamba vizuri. Ukishatoka niandikie, nataka kujua nani alikushika mkono.