Gunia la tatu la mama

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwenye bima ya afya huweka akiba zaidi, au hubweteka? Taiwan ilipoanzisha bima ya taifa mwaka 1995, wachumi walikuta familia zimepunguza kuweka akiba. Naelewa. Aliyejinyima kwa kuogopa kuugua, woga ukipungua atajinyima vya nini?

Kwetu Kilombero, Tanzania, nimeona lingine. Akiba ya ugonjwa ni mali iliyolala. Kabla hatujakata bima, mama alikuwa na magunia matatu ya mpunga kwenye kona ya chumba chake, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa hata bei ipande vipi. "Hayo ni ya homa," alikuwa akisema. Panya waliyatoboa kwa chini. Mwaka mdogo wangu alipolazwa, tuliyauza usiku kwa bei aliyoitaka mnunuzi, maana alituona tunavyohangaika.

Tukajiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Mavuno yaliyofuata mama alisubiri bei ikae vizuri, akauza mawili kati ya magunia matatu aliyoweka tena, na kila Jumatano akawa ananunua hisa za kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa mkopo wa kikoba alikodi ekari moja ya ziada. Akiba yake haikupungua, ilitoka chumbani ikaenda shambani. Jirani yetu mnufaika wa TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku, naye hukata kadi ya bima kwa ile ruzuku, ili wakiugua asilazimike kuuza kuku wa mayai.

Lakini gunia la tatu halikuuzwa, na hapo ndipo jibu langu lilipo. Mara mbili mama amefika kituo cha afya na kadi yake mkononi, akaambiwa dawa ya presha hakuna, akanunue duka la dawa. Mtu aliyerudishwa hivyo haachi kuficha akiba, na simlaumu. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na kila ninayeongea naye anauliza mchango utakuwa kiasi gani. Mimi nauliza kama kabati la dawa litajaa, na kama mkulima ataruhusiwa kulipa baada ya mavuno badala ya kudaiwa mwezi Machi, mpunga ungali shambani.

Juzi nimemsihi mama auze na hilo la mwisho. Amesema atalifungua siku atakapopewa dawa yake miezi mitatu mfululizo bila kutoa hela.