Mezani kwa Bi. Fundi: Laptop ya mwalimu, flashi ya "tera mbili" na nywila ya mteja

Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi kuliko skrubu zilizopotelea chini ya meza yangu hapa Ngamiani, Tanga. Nimechagua sita. Wale watatu mlioniuliza kompyuta gani inabashiri mpira vizuri, siwajibu.

Shikamoo Bi. Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Korogwe. Laptop yangu ni ya mtumba, niliinunua mwaka 2019, ina Windows 10. Muuza duka mmoja ameniambia Windows 10 imekufa tangu Oktoba, kwa hiyo laptop nayo imekwisha. Ananiuzia mpya kwa milioni moja na laki nne. Nichukue mkopo?

Marahaba mwalimu. Usikope.

Kilichokufa tarehe 14 Oktoba 2025 ni ahadi ya Microsoft. Siku hiyo waliacha kutoa viraka vya usalama vya bure kwa Windows 10. Kesho yake mashine yako iliwaka kama kawaida, na mwakani itawaka. Ila matundu mapya ambayo wezi watayagundua hayatazibwa, na wewe kwenye mashine hiyo hiyo unaingiza alama za watoto wa watu na kuangalia salio la benki. Kwa hiyo yule muuza duka hakusema uongo mtupu, amekatisha hadithi pale panapomletea mauzo. Hakukwambia, kwa mfano, kwamba watumiaji wa nyumbani wamepewa nyongeza ya viraka hadi Oktoba 2026. Unajiandikisha humo humo kwenye mipangilio ya apdeti. Fanya leo upate nafasi ya kufikiri.

Windows 11 je? Angalia jina la prosesa, ile chipu iliyo ubongo wa kompyuta. Ukikuta i5-6300U, ile 6 inayofuata kistari ndiyo kizazi chake. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM, toleo la 2.0. Laptop nyingi za mtumba zilizouzwa mwaka ule ni za kizazi cha 4 hadi cha 6, na sidhani yako imeponea. Vijana wanajua njia za kuuruka ukaguzi huo. Nami najua, na nimeifanya kwenye mashine yangu mwenyewe. Kwenye mashine ya mteja siifanyi, kwa sababu apdeti ikija kugoma usiku wa kuandaa mtihani, mlango utakaogongwa ni wangu.

Sasa fedha yako. Kama laptop inachukua dakika tano kuwaka, prosesa haina kosa. Mchawi ni diski ya zamani: sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huku sindano ikikimbia huku na huku kutafuta mafaili, kama karani mmoja na makabati arobaini. Toa hiyo, weka SSD, diski ya chipu isiyozunguka. Ongeza RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ifike GB 8. Gharama zote mbili hazifiki robo ya ile laptop mpya, na utadhani umebadilishiwa mashine.

Halafu weka Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows. Ni ya bure, na viraka vyake vinaendelea kutoka bila kuuliza prosesa yako ina miaka mingapi. Linux yenyewe ilianzishwa na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991, na leo ndiyo iliyo ndani ya kila simu ya Android mfukoni mwa wanafunzi wako, kwa hiyo usiione ngeni. Usiisakinishe mara moja. Iweke kwenye flashi ya GB 8, iwashe laptop kutoka kwenye flashi, itumie siku mbili. Jaribu wi-fi, jaribu printa ya shule, jaribu projekta. Printa ikikataa, utaijua kabla hujafuta kitu.

Nikuonye jambo moja ambalo washabiki wenzangu wa Linux huwa wanalimeza. Azimio la kazi ukiliandika kwa LibreOffice, mbadala wa bure wa Word, na kumtumia mkuu wa shule mwenye Word, majedwali yanaweza kuhama, na yeye atafikiri umelewa. Mtumie PDF.

Mimi nilianza kazi mwaka 1987, karani mpiga chapa, kwa mashine ya Olympia iliyonizidi umri. Fundi wake alikuja na mafuta ya cherehani, brashi na kitambaa. Hakuna siku iliyokuja barua kutoka Ujerumani kutuambia mashine ile sasa basi. Ilipigwa chapa mpaka herufi "a" ikawa kama "o", na barua za serikali zikaenda hivyo hivyo.

Bi. Fundi, mume wangu anasema kompyuta yangu ya kupokelea oda za nguo mtandaoni ndiyo inamaliza umeme wa LUKU. Tunagombana kila wiki. Dodoma.

Geuza chaja yako usome maandishi madogo. Ukikuta volti 19 na ampea 2.37, zidisha: ni wati 45. Ukiiacha saa kumi mfululizo ikila wati zote hizo, ambazo huwa haili, ni uniti 0.45. Pasi ya wati 1,000 ikinyoosha kwa saa moja ni uniti nzima, na birika la umeme la wati 2,000 hulifikisha deni hilo kwa nusu saa. Muulize shemeji yangu nani anayenyoosha mashati matano kila Jumapili, na maji ya kuoga ya nani yanachemshwa kwa umeme. Muulize kwa upole.

Niko Likoni, Mombasa. Nilinunua flashi ya terabaiti 2 kwa shilingi 800 kwa mchuuzi karibu na feri. Nikaweka video zote za harusi ya dada yangu, nikazifuta kwenye simu. Majina ya mafaili nayaona lakini video hazifunguki. Zinaweza kurudi?

Pole sana mwanangu. Nyingi hazirudi, na afadhali nikwambie mapema usije ukatozwa na fundi wa kukupa matumaini.

Ndani ya flashi hiyo pengine kuna GB 16 au 32 za kweli. Chipu inayoiongoza imepangwa kuiambia kompyuta kuwa kuna nafasi ya tera mbili. Ukijaza zile za kweli, flashi haisemi imejaa. Inaendelea kupokea, na ama inamwaga kila kinachokuja ama inaandika juu ya vilivyotangulia. Orodha ya majina inabaki nzuri kwa sababu orodha ni ndogo. Muuza mafuta ya taa aliyepachika kitako cha uongo kwenye kibaba, ndiye huyo huyo, ameingia kwenye elektroniki.

Usiandike chochote tena humo. Video zilizoingia kwanza huenda zimepona, mpelekee fundi mwenye subira. Na ile simu uliyozifuta, iwashe uangalie pipa la taka la picha, maana simu nyingi huhifadhi zilizofutwa kwa siku kama thelathini. Mpigapicha wa harusi je? Wakwe? Mtu mmoja lazima alitumiwa kwa WhatsApp, hata kama imekuja imefifia.

Siku nyingine, kabla ya kuiamini flashi, ipime. Kwenye Windows kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, kwenye Linux kuna F3. Zote zinaijaza flashi mpaka mdomoni kisha zinasoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Inachukua muda, anzisha ukalale. Lakini usimvamie muuzaji kwa sababu flashi ya GB 64 inaonyesha 59. Huyo hakukuibia. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na tofauti ndiyo hiyo.

Sheria mnayo huko Kenya, ya kupambana na bidhaa bandia, tangu 2008, na mamlaka yake ipo. Risiti unayo? Nilifikiri hivyo. Mchuuzi wako kesho atakuwa anauza miwani.

Nimepeleka simu kubadilisha kioo. Fundi ameniomba nywila na kuniambia nirudi kesho. Nilimpa, sikulala. Je, nina haki gani? Arusha.

Una haki, na nitaifikia. Kwanza nikiri jambo.

Mwaka 2009 jirani yangu aliniletea kompyuta ya mezani iliyokataa kutoa sauti. Nilikuwa natafuta faili la draiva, nikafungua folda, nikaona barua ya hospitali yenye jina lake. Ningeweza kuifunga pale pale. Niliisoma hadi mwisho. Sikumwambia mtu, na mpaka amehama mtaa hakujua. Lakini kila aliponisalimia nilijibu nikitazama miguu yake. Kompyuta nilimtengenezea bure, akadhani ni ujirani mwema.

Tangu hapo mezani kwangu kuna daftari. Naandika kifaa kimeingia na nini, kinatakiwa kufanywa nini, mteja anasaini. Kazi ya kioo, betri au tundu la chaji inafanyika mteja akiwa amekaa kwenye stuli anatazama. Asiyeweza kukaa anazima simu na kuondoka na nywila yake kichwani. Baada ya kubadilisha kioo nahitaji kujaribu mguso, hiyo ni kweli, lakini najaribu akirudi, yeye mwenyewe akiifungua. Simu nyingi mpya za Samsung zina hali ya matengenezo: ukiiwasha, fundi anaingia kwenye simu tupu, picha na meseji zako hazioni. Tafuta kwenye mipangilio. Kama ni kompyuta, mtengenezee akaunti ya pembeni.

Haki yenyewe: Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Msingi wake ni rahisi. Taarifa zilizochukuliwa kwa kazi moja haziwi za kazi nyingine bila ridhaa yako. Ulimpa nywila kwa ajili ya kioo, hukumpa albamu. Akinakili picha zako, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inamsubiri. Kenya wana sheria yao ya data ya 2019.

Lakini wewe leo badilisha nywila ya simu, kisha ya barua pepe, kisha namba ya siri ya pesa, kwa mpangilio huo. Fungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uone kama kuna kompyuta usiyoijua. Ukiikuta, ipige picha kabla ya kuiondoa. Huo ndio ushahidi.

Nimepata simu ya mtumba bei ya chini, anayeniuzia ni rafiki wa rafiki. Nichukue? Moshi.

Piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Zilinganishe na za kwenye boksi kama lipo, kisha zitume kwa meseji kwenda 15090 ujue simu ni ya aina gani. Ikijibiwa modeli tofauti na uliyoishika, iache hapo hapo.

Nakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia. Asubuhi ile nilikuta foleni nje ya mlango wangu, kila mmoja na simu inayowaka vizuri lakini haina mtandao. Mzee mmoja alinisihi nimbadilishie "mnara". Sikuwa na la kumfanyia, na siku ile niliuza chai kuliko ufundi.

Ila simu halisi inaweza pia kuwa ya wizi, na hilo huenda 15090 isikuambie. Andikeni karatasi: IMEI, bei, tarehe, kitambulisho cha muuzaji, shahidi mmoja. Polisi wakija, utakuwa na jina la kutaja zaidi ya "rafiki wa rafiki". Akikataa kuandika, umeshajibiwa.

Shikamoo bibi. Nipo darasa la saba, Muheza. Nataka kuwa fundi kompyuta kama wewe lakini baba hana hela ya kuninunulia. Nianze na nini?

Marahaba mjukuu wangu. Anza na iliyokufa. Ofisi na maduka ya steshenari yana kompyuta za mezani stoo zimekaa na vumbi, omba moja kwa adabu, nenda na mtu mzima. Ifungue. Chomoa RAM, irudishe, mpaka vidole vijue mlio wake inapokaa sawa. Tafuta betri ya duara kama shilingi, imeandikwa CR2032. Ikiisha nguvu, kompyuta husahau tarehe na saa, na watu huja kwangu wakilia kwamba mitandao yote inakataa kufunguka. Kazi ya dakika mbili. Huku kwetu pwani utakuta pia ukijani kwenye bodi mama. Ni kutu ya upepo wa bahari. Isugue taratibu kwa brashi ya meno na spiriti.

Kisanduku cha chuma chenye feni kinachoingiza umeme, hicho usikifungue. Hata kikichomolewa ukutani hubaki na umeme ndani, na mimi mwenyewe kilishanirusha mpaka kwenye ndoo.

Likizo ya Juni njoo na baba, nitakupa stuli. Bisibisi njoo nayo, ya kwangu siazimi.